Hatua ya Kuuliza Mara ya Pili

Sharifa mwanangu,

Umetoka na bibi yako kwenda kuaga majirani, na nyumba imekuwa kimya ghafla. Nimeona niandike sasa, maana ukirudi utaanza maneno yako na mimi nitaanza kucheka, na haya ninayotaka kusema hayasemeki katikati ya kicheko. Mambo ya sabuni, kufuli la sanduku na nani atakupokea stendi ya Songea tumeyaongea mpaka ukaniambia, "Mama, nimeelewa, au nikuimbie?" Basi hayo nayaacha. Barua nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Isome kesho mkishapita Masasi, usiisome hapa mbele yangu.

Unajua nafanya kazi ya visima. Hujawahi kuniuliza hasa nafanya nini, na mimi sikuwahi kukueleza, nikirudi nimechoka nataka kulala tu. Leo nataka nikueleze, kwa sababu kuna jambo la kazini litakalokugusa na wewe huko uendako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Ofisi yetu inatunza pampu za sola za vijiji vya Nachingwea na Ruangwa. Kijiji kikipiga simu kwamba pampu imeharibika, tunafungua tiketi kwenye mfumo, ndani ya kompyuta ile unayoniona nayo. Ile tiketi inatembea hatua kwa hatua kama mgonjwa hospitali. Imepokelewa. Fundi amepangiwa. Fundi amemaliza. Kijiji kimethibitisha. Imefungwa. Kila mtu ofisini akifungua mfumo anaona tiketi zilizoko kwenye hatua yake, anazifanyia kazi, anazisukuma mbele.

Ile ya nne, ya kijiji kuthibitisha, ilikuwa yangu. Fundi akishasema amemaliza, nasubiri siku kadhaa kisha napiga simu. Kwa mfano kule Ruponda napiga kwa Bi Somoe, katibu wa kamati ya maji ya kitongoji chao.

"Bi Somoe, habari za huko?"

"Nzuri, mwanangu. Za Nachingwea?"

"Salama. Wajukuu?"

"Wazima. Jua tu ndilo linatumaliza."

"Na maji?"

"Maji tunashukuru. Fundi alikuja, kijana mzuri, alikula akamaliza."

"Yanatoka?"

"Yanatoka."

Hapo nanyamaza. Sisemi kitu, wala sikati simu. Mimi nimezaliwa Likunja, mtu wa kwetu namjua. Mgeni akija kukutengenezea kitu, unamchinjia kuku, unamshukuru, unamsindikiza mpaka njiani. Humwambii kazi yako haifai. Hata kama pampu imekufa kabla hajapotea machoni, unampungia mkono. Kwa hiyo nanyamaza, na baada ya muda Bi Somoe anakohoa kidogo.

"Yanatoka ndoo mbili tatu, mwanangu. Halafu basi."

Ndipo nairudisha tiketi kwa fundi. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuuliza mara ya pili.

Sasa kwenye ripoti ile hatua ilikuwa inatuaibisha. Tiketi zilikuwa zinajazana pale, kwa sababu simu za vijijini mara mtandao, mara mwenye simu yuko shamba. Wafadhili wakitazama wanaona pampu nyingi hazijafungwa, wanauliza mnafanya nini huko. Meneja akaniita. Alikuwa mwenye utani siku hiyo.

"Wewe unapiga simu kuulizia jua na wajukuu," akaniambia. "Fundi akisema amemaliza, amemaliza. Toa hiyo hatua."

Watu ofisini wakacheka, na mimi nikacheka. Nikwambie ukweli, nilifurahi. Ofisi nzima ni mimi tu niliyepewa ruhusa ya kubadili hatua za mfumo. Mimi, niliyerudia masomo ya kidato cha nne ukubwani, wewe ukiwa unalala mgongoni. Niliona nimeaminiwa, na mtu akiaminiwa hapendi kubisha.

Mfumo ule una heshima yake. Ukitaka kubadili njia ya tiketi, haubadiliki papo hapo. Unachora njia mpya pembeni, inakaa kama rasimu. Wenzako wanaendelea na njia ya zamani, hawajui hata kama unachora kitu. Unaweza kuitazama, ukaichoka, ukaitupa, na hakuna atakayeumia. Mpaka ubonyeze palipoandikwa Chapisha. Hapo ndipo njia ya zamani inaondoka na kila mtu anajikuta yuko kwenye mpya. Rasimu yangu ilikaa pale, nikiingia naiona, natoka. Kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza moyoni, sikukipa jina.

Niliichapisha siku ya mahafali yako ya darasa la saba. Unakumbuka nilichelewa, nikakuta umeshaitwa jina. Si kwa sababu yako, usije ukajibebesha. Haraka ilikuwa yangu. Nilipobonyeza, mfumo uliniuliza mambo mawili. Kwanza, nitunze nakala ya njia ya zamani? Nikajibu hapana, ya nini tena. Pili, tiketi zilizoko kwenye hatua unayoifuta nizipeleke wapi? Hapo ilibidi nichague. Nikachagua Imefungwa.

Fikiria watu wamekaa kwenye benchi la zahanati wanasubiri kuitwa, halafu mtu anakuja kuondoa benchi, na kwenye daftari anaandika wote wameshatibiwa. Mtu huyo ni mimi.

Ripoti ilipendeza. Meneja alituagizia soda ofisi nzima.

Tiketi ya Ruponda ilikuwa kwenye lile benchi. Fundi Chande alikuwa ameenda, amebadilisha kifaa, maji yakatoka, wakamlisha, akaondoka. Jioni ile ile maji yakakata. Bi Somoe hakupiga simu. Alikuwa anasubiri yangu. Siku zikapita, simu haiji. Mwishowe alipojilazimisha kupiga, alimpata dada mpya wa mapokezi, naye akatazama mfumo akamjibu kwa upole tu, "Hii imefungwa, mama. Pampu yenu imeshatengenezwa."

Bi Somoe akasema, "Basi asante."

Nayasikia maneno hayo mawili kila siku, Sharifa.

Wanawake wa kitongoji wakarudi mtoni kufukua mchanga kutafuta maji. Na kiangazi kile palikuwa na ng'ombe pia, wa wale wafugaji waliokuja kutoka kanda ya ziwa. Kila asubuhi ni kugombana, ng'ombe wenu wanatuvunjia kisima, ninyi mmeziba njia ya ng'ombe. Ili wasikutane, wenyeji wakawa wanachimba ndani zaidi, chini ya kingo, pasipofikika na mnyama. Siku moja ukingo ukamwangukia Mwanaidi, mkwe wa Bi Somoe. Waliomtoa ni hao hao wafugaji, kwa kamba zao za kufungia ng'ombe. Alitoka hai, mguu umevunjika juu ya goti.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nilikuambia naenda kumwona mgonjwa, ukanifungia uji kwenye chupa, hukuuliza mgonjwa gani. Nilimkuta amelazwa, mguu umening'inizwa. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mama mmoja anamenya karanga. Wanamwita Mama Masunga. Ni wa wale wafugaji, mumewe ndiye aliyeshika kamba.

Nikajitambulisha, natoka ofisi ya visima. Nilitaka anitukane. Mwanaidi akajaribu kujiinua.

"Dada, umejisumbua. Tunashukuru sana. Fundi mlituletea, ninyi hamna kosa."

Mama Masunga akatema ganda la karanga kiganjani. "Hawa majirani zangu," akasema, "ukiwakanyaga wanakuuliza kama kiatu chako kimeumia."

Mwanaidi akacheka, kisha akashika paja. "Mama Masunga, nyamaza, ni mgeni huyu."

"Ninyamaze nini? Dada, ile pampu haijatoa tone tangu siku aliyoondoka fundi wenu. Ungeniuliza mimi ningekwambia siku hiyo hiyo. Lakini mimi hamniulizi. Mimi ni wa ng'ombe."

Nikamimina uji, nikamshikia Mwanaidi kikombe. Alikunywa wote na kila akimeza anashukuru. Nilitoka pale nikasimama nyuma ya ukuta wa hospitali kama mtu anayetafuta kivuli.

Sasa nije kwako, maana haya yote nakuandikia wewe.

Nilipokuwa na umri unaozidi kidogo wako huu nilipelekwa Ruangwa kusoma. Kutoka Likunja ni mbali kwa miguu, kwa hiyo tulipanga chumba mtaani, mimi na wenzangu wawili. Bibi yako alikuwa anakuja na lori la ufuta, ananiletea muhogo na mbaazi, na lori linamsubiri, dereva anapiga honi.

"Unaishije?" ananiuliza.

"Salama, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

Sikuwa nakula, Sharifa. Muhogo ulikuwa unaisha kabla ya wiki, na wale wenzangu walishapata watu wa kuwapa chakula, na mimi baadaye nikapata wa kwangu. Nilipoacha shule ulikuwa tumboni. Nataka unielewe vizuri hapa: wewe si kosa. Sijawahi kukutazama hata siku moja nikaona kosa. Kosa ni ile "salama" yangu. Nilifunzwa kwamba mtoto mwenye adabu hamlalamikii mama aliyekuja na lori la watu, jasho linamtoka, muhogo begani. Nikawa na adabu mpaka ikanimaliza. Bibi yako naye aliuliza mara moja tu, honi ikalia, akapanda. Simlaumu. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nimelipwa mshahara wa kuuliza mara ya pili, na nikaifuta.

Na wewe ni hivyo hivyo. Unadhani sioni. Ulipokaa likizo kwa shangazi yako Lindi, ulirudi kifua kinakubana, unakohoa usiku. Nilikuuliza, ukasema kwa shangazi kuzuri. Ilipita miezi ndipo bibi yako akaniambia ulikuwa unalala sakafuni bila mkeka, kwa sababu wageni walikuwa wengi na hukutaka kumtia haya shangazi. Watu wanakusifu, binti wa Mama Sharifa hana shida, ukimpa anapokea, usipompa haombi. Mimi zamani nilikuwa najivuna nikisikia hivyo. Sasa nikisikia mwili unanisisimka.

Huko shuleni hamruhusiwi simu. Mtaongea Jumapili kwa simu ya matroni, na matroni amesimama hapo hapo, na wenzako wamepanga foleni nyuma yako. Nitakuuliza, "Mwanangu, unaendeleaje?" Najua utakachojibu, nakisikia kuanzia sasa. Basi ujue nami nitanyamaza. Usishangae, simu haijakatika. Nitakuwa nimekaa kwenye kigoda uani, nasubiri, hata kama wenzako wananung'unika. Ukishindwa kusema mbele ya watu, sema tu, "Mama, siku ya wazazi njoo," nami nitaelewa kuna jambo. Na siku ya wazazi ikifika nitakuja, iwe umeniita au hukuniita, tutakula, halafu nitakuuliza tena. Sitachoka. Ukiniona nakuudhi, niudhi na wewe, tugombane, ni bora.

Sikufundishi kukosa adabu. Mshukuru mtu aliyekutendea. Lakini shukrani ni kwa jambo lililofanyika. Kama maji hayatoki, hayatoki, na mtu anaweza kulisema hilo bila kumvunjia mgeni heshima. Mimi sijui vizuri bado namna ya kulisema. Najifunza, na nimechelewa. Wewe anza mapema.

Limebaki lile jambo la kazini nililosema litakugusa.

Baada ya hospitali nilirudi kwenye mfumo kuirudisha ile hatua. Ndipo nikaona uzito wa kutotunza nakala. Njia ya zamani haipo. Ilibidi niichore upya kwa kukumbuka, na ilibidi nifungue tiketi moja baada ya nyingine kusoma historia yake, nijue ipi ilikuwa kwenye benchi nilipoliondoa. Nimezijua zote. Nimepiga simu kimya kimya kwa baadhi ya vijiji. Ruponda walishatengenezewa, baada ya mguu wa mtu. Wengine wanapata maji kweli. Wengine hawapati. Na kuna kitongoji upande wa Ruangwa, karibu na kwetu kabisa, nimepiga mara mbili na mara zote wananiambia wanashukuru. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Rasimu mpya imekamilika. Imekaa pale, haimsaidii mtu. Nimempelekea meneja.

"Nzuri," akasema. "Iache hivyo hivyo mpaka ripoti ya wafadhili ipite."

"Kuna watu hawana maji, bosi."

"Na kuna watu hawatakuwa na kazi. Ukichapisha sasa, tiketi zote hizo zinafunguka wiki ile ile wanayotazama. Mkataba ukifa, hata hizo pampu nzima nani atazitunza? Fikiria, mama. Una mtoto anaanza bweni."

Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyenichukua kazini nikiwa na cheti cha kompyuta tu na mtoto mgongoni, ofisi nyingine zikinitazama kama niliyepotea njia. Na anaweza kuwa ana haki, hilo ndilo linalonisumbua. Nimelipindua nikalipindua. Naogopa kuwaponza wenzangu. Naogopa kwa ajili yako. Ada ya muhula huu imeshalipwa, huo hautikisiki. Baada ya hapo sijui. Inawezekana nikafukuzwa, na inawezekana ukarudi kusoma shule ya kutwa hapa Nachingwea, na wewe umelililia hilo bweni tangu darasa la tano.

Sikuulizi uamue. Huo si mzigo wako, na ukijaribu kunibebea nitakugombeza. Nakuambia tu, ili kama ikitokea nikaja kukuchukua, ujue sababu ni hii na si nyingine, wala usije ukadhani ulifeli, au nilikuchoka. Utanikasirikia. Nikasirikie, una haki. Lakini siwezi kukupandisha basi nikikwambia useme ukweli huko uendako, huku mimi nimekaa juu ya kiu ya watu na kuiita imefungwa.

Nimesimamisha kalamu nikainuka.

Kompyuta ilikuwa mezani. Nimetunza nakala safari hii, ya njia yote kama ilivyo leo, wakitaka kunirudisha nyuma wairudishe. Nimebonyeza Chapisha. Hakuna kilicholia. Hatua ya nne imerudi mahali pake, tupu. Kisha nikaanza kuzirudisha tiketi, moja moja kwa mkono, kutoka Imefungwa kurudi kwenye hatua ya nne, na kwenye kila moja nikaandika: haijathibitishwa, ilifungwa kimakosa, nami nikaweka jina langu. Kwa vijiji vya wafugaji na wakulima nimeongeza namba ya pili ya simu, ya upande wa pili. Ya kwanza niliyoiweka ni ya Mama Masunga.

Kila tiketi ikihama, mfumo unamtumia ujumbe kila anayehusika. Nilikuwa najua. Sasa hivi simu yangu imeita, ikakatika, inaita tena. Ni meneja.

Nawasikia wewe na bibi yako mnafungua geti, unamwambia kitu anacheka. Nilitaka nitoke uani nikaongee mbali usisikie. Lakini nimekaa. Nitampokea hapa hapa, wewe ukiwa unavua viatu mlangoni, na akiniuliza kama kila kitu kiko sawa, nitamwambia hakiko, na nitamweleza kwa nini.

Kwa hiyo utakapofika kwenye mstari huu, ndani ya basi, utakuwa umeshanisikia.

Mama yako.